Klampu za mbao za kuundia gitaa, ninavyojitengenezea mwenyewe hapa Dar

Mkuu umeuliza kama kuna namna ya kuunda gitaa la kwanza bila kuagiza rundo la klampu kutoka nje, maana umepiga hesabu ukaona hela ya klampu inazidi hela ya mbao. Namna ipo, na hata ungekuwa na hela ningekwambia utengeneze za mbao tu, kwa sababu kwa kazi ya ala za muziki ndizo zinazofaa kuliko zile za chuma za skrubu wanazotumia mafundi wa kuchomelea.

Angalia uso wa gitaa wenyewe. Ni mbao laini, sprusi kwa wanaoagiza, wengine wanajaribu saipresi ya mashamba ya Kilimanjaro Magharibi, na unene wake ni milimita 3 hivi au chini ya hapo. Klampu ya chuma ukiizungusha robo tu ya ziada inaacha alama ya duara kwenye mbao hiyo, na gundi yote inakamuliwa nje ukabaki na kiungo kikavu ambacho baada ya miezi kinaachia. Halafu nzito, ukiweka sita upande mmoja kazi yote inalala. Gitaa linataka mgandamizo mdogo uliotawanyika sehemu nyingi, na taya refu la kufika mbali, maana ukija kubandika briji, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya uso, kupitia kwenye tundu la sauti unahitaji sentimita 15 na zaidi. Klampu ya mbao yenye kemu, yaani chuma bapa (flatibaa) chenye taya mbili za mbao, moja imekaa na nyingine inateleza, na kisahani kinachokaza ukikigeuza, inakupa vyote hivyo, na nguvu yake ina mwisho, hata ukitaka kukaza kupita kiasi haikubali.

Mbao. Usinunue mbao mpya, nenda Keko kwa mafundi samani uwaombe vipande vya mabaki, vingine wanachomea. Chagua mninga. Mninga ukishakauka hausinyai wala kuvimba sana, na kwa joto na unyevu wetu wa pwani hilo ndilo la kwanza kuangalia, maana tundu la chuma likibana kipindi cha masika klampu haitelezi tena. Msaji unafaa pia ila unamaliza makali ya randa. Paini achana nayo kwa taya, ni laini na matundu ya pini yanapanuka. Vumbi la mninga ukipiga msasa linawasha pua na kifua, vaa barakoa, usidharau.

Chuma ni flatibaa ya milimita 20 kwa 5. Inauzwa kipande cha mita 6, ukikata sentimita 30 unapata karibu 20, waambie wakukatie palepale dukani. Kila kipande piga tupa kingo zisikwaruze. Kwa hewa ya bahari chuma kinashika kutu haraka na kutu inachafua mbao nyeupe, sasa mimi napaka nta ya mshumaa na kufuta kwa kitambaa, situmii oili wala grisi kabisa, ikigusa mahali pa gundi umeharibu kiungo.

Taya sasa, hapa ndipo watu wanapoteseka bure kwa kuchonga tundu la mstatili kwa patasi. Usichonge. Jenga taya kwa matabaka matatu: mawili ya nje ya milimita 10, la katikati la milimita 5 lenye pengo la kupitisha flatibaa, unabandika kwa gundi ya kawaida ya mbao huku kipande cha flatibaa kilichozungushwa selotepu kikiwa ndani ya pengo kama kipimo, gundi ikianza kushika unakichomoa. Taya zangu zina urefu wa sentimita 18 na kimo cha 5. Taya la kwanza linakaa mwisho wa chuma, litoboe pamoja na chuma upige pini mbili, basi limekaa moja kwa moja. Pini moja haitoshi, litacheza.

Taya la pili ndilo linaloteleza, na hili lina siri yake. Pengo lake liwe na nafasi kidogo, kama nusu milimita, ili taya likisukumwa na kazi lipinde kidogo na kung'ang'ania chuma. Likishapinda linagusa chuma sehemu mbili tu, ukingo wa mbele ule upande wa mbali na kazi, na ukingo wa nyuma upande wa karibu na kazi. Hapo hapo ndipo unapoweka pini za chuma, msumari mnene uliokatwa unatosha. Bila pini mbao inaliwa kwenye hizo kona mbili na baada ya muda klampu inaanza kuteleza ikiwa imebana, yaani saa mbaya kuliko zote. Ukiziweka kwenye kona zile nyingine mbili hazifanyi kazi yoyote, kwa hiyo chora kwanza kwa penseli uone taya litapinda kuelekea wapi.

Kemu ni kisahani cha mbao chenye mkono, tundu lake la pini halipo katikati, kama ile ya kemshafti ya injini. Mimi natumia duara la kipenyo cha milimita 30 na tundu limesogea milimita 4 kutoka katikati. Usizidishe hapo, ukisogeza sana kemu inarudi yenyewe ukiachia mkono. Kwa kemu ndio natumia mpingo, vipande vidogo vinapatikana kwa wachonga vinyago Mwenge, mgumu haswa, kutengeneza taya zima kwa mpingo ni uzito usio na sababu. Ila usiing'arishe kemu, inatakiwa ikwame kidogo ikigusa mbao.

Inakaa kwenye ncha ya taya linaloteleza, ndani ya mfereji ulioacha kwenye tabaka la katikati, ila hakikisha upande wa kazi umebakiza ukanda mzima wa milimita 8 mpaka mwisho. Huo ukanda ndio ulimi. Unautenganisha na taya kwa kupasua kwa msumeno mwembamba kuanzia ncha mpaka kama sentimita 3 kabla ya kufika kwenye chuma, na kabla ya kupasua toboa tundu la milimita 4 pale msumeno utakapoishia ili ufa usiendelee. Ukigeuza kemu, ulimi unasukumwa, ndio unaobana. Nyuzi za mbao lazima ziende kwa urefu wa taya, hata kidogo zisikate mshazari kwenye ulimi, utavunjika.

Sehemu inayogusa kazi bandika koki. Watu wanalalamika koki haipatikani Dar, wakati maduka ya spea yanauza koki ya kukatia gasketi, chukua ya milimita 3. Ukikosa, ngozi kwa fundi viatu. Mpira wa tyubu usiuweke moja kwa moja kwenye mbao nyeupe, unaacha weusi usiotoka kirahisi.

Klampu hizo za kemu zinakufaa kwa briji, papi za ndani (vile vijiti vya mbao vinavyoimarisha uso) zilizo karibu na ukingo, na kiungo cha shingo. Kubandika uso na mgongo kwenye mbavu, yaani mbao za ubavuni, ni habari nyingine, unahitaji klampu za visahani na nyingi, 30 hivi kuzunguka gitaa lote, ndiyo maana hakuna anayezinunua. Stadi, yaani fimbo ya chuma yenye nyuzi za kuingiza nati, ya milimita 6 inauzwa mita moja, ikate sentimita 16 au 17 kulingana na kina cha mbavu zako, visahani viwili vya kipenyo cha sentimita 3 na nusu, nati ya kawaida chini na ya masikio juu. Visahani toboa kwa ule msumeno wa duara wanaotumia mafundi umeme, keekee yake ya katikati mara nyingi ni milimita 6, kwa hiyo tundu linatoka pamoja na kisahani na linapokea stadi vizuri. Ngozi upande wa ndani, kaza kwa vidole tu, spana usiilete karibu.

Papi za katikati ya uso ambako taya halifiki, tumia mianzi. Plaiwudi mbili nene, moja chini moja juu, zimeshikwa na nguzo nne zikiwa sentimita 60 mbali, halafu unapasua mianzi fimbo ndefu kidogo kuliko nafasi iliyobaki kati ya kazi na plaiwudi ya juu, unazipinda na kuzisimamisha juu ya papi. Uzuri wake ni kwamba fimbo ikishapinda nguvu yake karibu haibadiliki, ipinde kidogo ipinde sana, inasukuma kilo zilezile. Kinachobadilisha ni unene: ukiongeza unene mara mbili nguvu inakuwa mara nane. Fimbo ya milimita 6 kwa 20 urefu wa sentimita 60 inatoa kama kilo 10 mpaka 15, isimamishe juu ya mzani wa kupimia uzito uone mwenyewe kabla hujaiweka kwenye kazi. Wengine wanatumia dari la chumba badala ya plaiwudi, dari za jipsamu hazibebi mzigo huo, jenga boksi lako. Na vaa miwani, fimbo ikiteleza inaruka kwa nguvu.

Aliyeuliza namna ya kubana udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, tumbo lake ni la mviringo kwa hiyo klampu za visahani hazina pa kushika. Hapo kata tyubu ya baiskeli mikanda mirefu, weka karatasi kati ya mpira na mbao, uzungushe udi mzima na kukaza taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Kemu utaihitaji kwenye shingo tu.

Gundi nyeupe iache kwenye klampu saa nzima angalau na usivute nyuzi wala kuweka mzigo mpaka kesho yake. Papi nakushauri ubandike kipindi cha kipupwe, Juni mpaka Septemba, ukibandika kwenye unyevu wa masika halafu gitaa likaenda Dodoma uso unasinyaa papi zikiwa zimeushika, unapasuka.

Anza na visahani, ni kazi ya wikiendi na vitakuzoesha drili. Kemu tengeneza mbili kwanza, zibane kwenye kipande cha mbao kwa usiku mzima bila gundi, asubuhi ukizikuta bado zimeshika ndio ukate flatibaa iliyobaki. Vipimo vya ulimi vikikusumbua weka picha ya taya lako likiwa limebana, nitaangalia.