Nahodha wa boti ya wageni anawajibika na nini hasa?

Mkuu, umesema umenunua boti ya fiba ya futi 23 yenye mashine moja ya nguvu farasi 40, unataka kupeleka wageni kisiwa cha Mnemba kutoka Nungwi, na unauliza kazi ya nahodha inaanzia wapi na yako mwenye chombo inaishia wapi.

Yako ni usajili, ukaguzi, bima na vifaa. Zanzibar utashughulika na ZMA (mamlaka ya usafiri baharini Zanzibar), ukihamia bara ni TASAC (shirika la uwakala wa meli Tanzania). Kuanzia mgeni wa kwanza anapopanda mpaka wa mwisho anaposhuka, neno la mwisho ni la nahodha. Akisema leo hatutoki, hamtoki, hata kama wageni wameshalipa. Kama huwezi kukubali hilo, usiajiri nahodha.

Uamuzi wa kutoka unaanza jana yake jioni. Asome utabiri wa TMA (mamlaka ya hali ya hewa Tanzania). Likitolewa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, boti ya futi 23 ikae. Kipindi cha kaskazi (upepo wa kaskazini mashariki) awe makini zaidi upande wa mashariki wa Unguja: upepo hukutana uso kwa uso na mkondo unaokwenda kaskazini, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama, na boti inapiga hata kama ukiwa ufukweni bahari inaonekana ya kawaida. Halafu aangalie maji. Siku za bamvua (maji makubwa) tofauti ya kujaa na kupwa huweza kufika karibu mita 4, na katika saa 6 za kupwa, nusu ya maji huondoka ndani ya saa ya tatu na ya nne tu. Mlango wa mwamba uliopita asubuhi bila shida, saa 3 baadaye unaweza kukuta jiwe. Nahodha apange saa ya kurudi kwanza, ndipo apange ya kutoka, la sivyo mtapwelewa na wageni juani.

Kabla ya kusukuma boti: kizibo cha kutolea maji nyuma. Ukikisahau, boti ikiwa mbio maji hayaonekani kwa sababu omo (mbele ya boti) imeinuka, ila ukipunguza mwendo yote yanakusanyika shetri (nyuma) na mashine inazama. Mafuta yagawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja haliguswi. Mashine ya 40 ya tustroku (inayochanganyiwa oili kwenye petroli) ukiibana mpaka mwisho hupita lita 15 kwa saa. Kama kitabu cha mashine kinasema 50 kwa 1, petroli lita 25 ni oili nusu lita, ipimwe kwa chombo, si kwa macho. Ikishawaka, atazame kitundu cha maji ya kupozea. Mkondo ukiwa dhaifu, mara nyingi ni mfuko wa plastiki umeziba au impela ya pampu ya maji imechoka. Azime hapo hapo, maana kichwa cha mashine kikiungua hakuna cha kufanya baharini. Aweke ndani plagi mbili, spana yake, propela ya akiba na pini zake, tochi, kata ya kutolea maji yaliyoingia, na makasia.

Idadi ya watu ni ile ya kwenye cheti, na mtoto mchanga ni mtu mmoja. Jaketi zivaliwe na kufungwa kabla ya kuondoka, kwa sababu mtu aliyeshaanguka hawezi kuvaa jaketi lililofungiwa chini ya benchi. Za watoto ziwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, bila huo jaketi linabaki juu na mtoto anachomoka chini. Awaambie pia kwamba pomboo wakionekana kila mtu abaki alipokaa. Watu 10 wakikimbilia upande mmoja ni zaidi ya kilo 700 zimehama kwa mara moja.

Sasa sehemu inayoumiza watu wengi kuliko upepo: wageni wakiwa majini. Pale Mnemba boti ni nyingi na vichwa ni vingi. Mashine izimwe kabisa. Kuiacha kwenye frii haitoshi, kiwiko kikigusa gia propela inaingia kazini. Kamba ya kuzimia (ikivutwa mashine inazima) iwe mkononi au mguuni mwa nahodha muda wote akiendesha, isiwe inaning'inia kwenye mashine. Akienda kuwachukua, omo ielekee upepo ili boti isimame yenyewe akipunguza, azime akiwa bado hatua chache, wao ndio waje kwenye ngazi. Kisha ahesabu, baharia naye ahesabu kivyake. Namba mbili zisipolingana, mashine haiwashwi.

Mtu akianguka boti ikitembea: akiangukia kulia, pinda kulia, shetri itupwe mbali naye. Mtu mmoja amwoneshe kwa kidole asiondoe macho kabisa, mwingine arushe boya.

Nanga isitupwe kwenye matumbawe. Tumia maboya ya kufungia boti, au mchanga. Amari (kamba ya nanga) iwe mara 5 ya kina, maji ya mita 6 ni mita 30.

Njiani, chombo cha tanga na mvuvi mwenye nyavu unawapisha. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja aende kulia kwake. Anayekatiza kutokea kulia kwako ana haki, mpishe. Redio ikae chaneli 16. Na lazima kuwe na mtu ufukweni mwenye idadi ya watu, njia na saa ya kurudi, anayejua kwamba ikipita saa nzima bila habari anaanza kupiga simu bila kusubiri.

Pombe hakuna, hata bia moja ya kukaribishwa na mgeni.

Mwisho ni la mkataba, na hili ni lako. Nahodha anayelipwa kwa safari tu atatoka siku mbaya, kwa sababu nyumbani kwake kunasubiriwa chakula. Andika kwamba safari ikivunjwa kwa hali ya hewa anapata angalau nusu ya posho yake, na mgeni anarudishiwa hela au anapangiwa siku nyingine.