Maswali na majibu: maharagwe ya Nakuru, sabufa ya Kondele na omena za msimu wa mvua

Maswali ya safari hii yamechanganyika, mengine ya jikoni, mengine ya mezani penye pasi ya kulehemu. Baadhi nimeyafupisha. Yale ya "ninunue televisheni gani" nimeyaruka, maana hapa tunahangaika na vilivyopo. Utaona pia kwamba karibu kila mtu nimemtuma akapime kitu kwanza. Mita ya kawaida na kipimajoto cha jikoni ni bei nafuu kuliko spea za kubahatisha.

Nimehamia Nakuru kutoka Mombasa. Maharagwe niliyoivisha bila taabu kule, hapa yanakula gesi hadi nauhurumia mtungi. Jirani anasema ni maji ya huku. Ni kweli? (Mama wa Section 58, Nakuru)

Mama, jirani ana ukweli kidogo, lakini mkosaji mkubwa ni mwinuko. Mombasa iko pwani, na maji huchemka yakifika nyuzi 100. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa haikandamizi maji sana, kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sisi wa Kisumu, kwenye mita 1,130 na kidogo, tunapata 96. Nyuzi sita ni chache kwa chai, ila kwa maharagwe ni balaa, kwa sababu kulainika kwake ni kazi ya kikemia, na kazi hiyo huzorota upesi joto likipungua.

Kuongeza moto hakusaidii kitu. Maji yakishachemka hayapandi joto tena hata ufungue gesi yote. Unachozidisha ni mvuke tu. Funika, punguza moto, yaache yatokote taratibu. Dawa hasa ni sufuria ya presha. Ile ya kuweka mekoni, ya ratili 15 kwa inchi ya mraba, huyafikisha maji karibu nyuzi 118 hapo Nakuru, na Mombasa ingeyafikisha 121. Tofauti ya miji hiyo miwili bado ipo, lakini kwa joto hilo hutaiona mezani.

Sasa ukweli wa jirani. Maji magumu yenye kalsiamu nyingi, hasa ya visima, huchelewesha maharagwe, kwani kalsiamu huikaza pektini inayoshikilia chembe zake pamoja. Ndiyo sababu watu hutia magadi, na Waluhya hutumia munyu, yale maji yanayochujwa kwenye majivu. Vyote viwili hulegeza pektini. Tia kidogo sana: ukizidisha, unapata rojo lenye ladha ya sabuni na vitamini B1 inapotea. Uzee wa maharagwe pia una neno. Yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma hata Mombasa.

Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, na maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui. Halafu, ukinunua kipimajoto ukakijaribu kwenye maji yanayochemka kikasoma 94, usikirudishe dukani. Kiko sawa.

Sabufa yangu inanguruma mfululizo hata nikishusha sauti hadi sifuri. Fundi anataka kubadilisha aisii (ile chipu ya ndani). Nimkubalie? (Kijana wa Kondele, Kisumu)

Bado. Kwanza chomoa kila waya unaotoka kwenye televisheni, dikoda na simu, ubaki na waya wa stima peke yake. Mngurumo ukikoma, sabufa ni nzima. Kosa liko kwenye kebo iliyokatika waya wake wa nje, au vifaa viwili vinagongana kupitia athi (waya wa ardhini). Badilisha kebo, uchomeke vyote kwenye ekstensheni moja.

Usipokoma, tuingie ndani. Stima yetu hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Diodi nne huilazimisha iende upande mmoja, na matokeo yake ni mawimbi 100 kwa sekunde ambayo kapasita kubwa inapaswa kuyalainisha. Kapasita ikichoka, mawimbi hayo yanapenya hadi kwenye spika bila kupitia kile kitufe cha sauti. Kwa hiyo unaweza kushusha sauti upendavyo, kelele haishuki.

Chomoa sabufa, subiri, kisha ifungue. Tafuta mikebe mikubwa karibu na transfoma. Kichwa kilichovimba, au uchafu wa kahawia chini yake, ni ushahidi tosha. Lakini kapasita inaweza kufa ikiwa na sura nzuri kabisa, kwa hiyo mita yenye kipimo cha mikrofaradi itakusaidia zaidi ya macho. Kabla ya kugusa, itoe chaji kupitia rezista, si kwa bisibisi kama mafundi wanaopenda kuona cheche. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, kamwe zisipungue. Ukipata iliyoandikwa nyuzi 105 badala ya 85, chukua hiyo. Upande wenye mstari ni hasi, na ukiigeuza italipuka mbele ya uso wako.

Kinachoziua ni joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu. Mwambie mama aondoe kile kitambaa cha kusuka juu ya sabufa. Najua ni kizuri na kinalingana na vya makochi, lakini kimeziba matundu ya hewa.

Kompyuta yangu kila ikizimwa inarudi mwaka wa zamani, na tovuti zinakataa kufunguka. Ni virusi? (Mwanafunzi, Njoro)

Ni betri. Kwenye bodi kuna betri bapa ya volti 3, CR2032, inayotunza saa. Tovuti hukataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe, na kompyuta iliyo nyuma ya wakati inaviona kama bado havijaanza kutumika. Ipime, ikiwa chini sana ya 3, nunua nyingine.

Laptopu yangu ya mtumba ina RAM ya GB 4 na inawaka polepole hadi chai inapoa. Nimeambiwa ninunue nyingine. (Mwalimu, Bungoma)

Mwalimu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uangalie safu ya diski. Kama imeganda karibu na asilimia 100 na wewe hujafungua kitu, umempata mchawi. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na mkono unaokimbia huku na huko kutafuta faili. SSD, diski ya kisasa inayotunza faili kwenye chipu, haina kitu kinachotembea. Kwa mashine kama yako, hakuna shilingi itakayofanya kazi kubwa kuliko hiyo, na kubadilisha ni suala la skrubu chache. RAM ije baadaye. Soma maandishi yake kwanza: DDR3L ni ya volti 1.35 na DDR3 ya kawaida ni 1.5, na kuna laptopu zinazokubali ya kwanza tu.

Kama ina Windows 10, Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za umri huo hazitimizi masharti ya Windows 11. Mimi ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Ijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote, na uhakikishe WiFi na printa vinaitika. Mitihani utaiandika kwenye LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word, bila shida, ila ukiituma shuleni itume kama PDF, maana majedwali yana tabia ya kuhama yakifunguliwa kwenye Word.

Maikrowevu inazunguka na taa inawaka, lakini chakula hakipati moto. Naweza kuifungua? (Baba wa Milimani, Kisumu)

Hapana. Kapasita ya ndani hufikia volti 2,000 na zaidi, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Mpelekee fundi anayezijua hizo. Hili si la Jumamosi mchana.

Nimeunda kasha la yogati: boksi la kuhifadhia baridi, balbu, relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), bodi ndogo ya kuprogramu ya Arduino na kihisi joto DS18B20. Nimeiweka kwenye nyuzi 43 lakini yogati inatoka kali na maji yamejitenga. Programu yangu ina kosa wapi? (Msomaji wa Kakamega)

Nadhani programu haina kosa, na hata kihisi hakina. DS18B20 hukosea kwa nusu nyuzi tu hivi kwenye joto hilo. Niulize mimi: kihisi umekiweka wapi? Watu wengi hukining'iniza hewani. Hewa ya kasha hupanda na kushuka haraka, maziwa yanafuata polepole, na chupa iliyo jirani na balbu inachomwa upande mmoja huku kihisi kikiripoti amani.

Tumbukiza kihisi cha pili kwenye chupa ya maji katikati ya zile za maziwa. Vihisi hivi vina namba zao za pekee, kwa hiyo viwili vinatumia waya uleule wa data na rezista ileile ya kilo-omu 4.7. Andika joto la vyote viwili kwa saa moja hivi, halafu hamisha chupa ya maji karibu na balbu urudie. Ukiona 48 pale karibu na balbu, umepata jibu lako. Weka kizuizi cha bati mbele ya balbu na feni ndogo ya kuzungusha hewa, kisha uamuru programu iwashe kwenye 42 na kuzima kwenye 43, la sivyo relei itagongagonga usiku kucha. Balbu iwe ya zamani yenye waya, wati 25 au 40. Ya LED haina joto la kutosha. Na pale relei inaposhika stima ya volti 240, funika viungo vyote. Maziwa humwagika.

Nusu ya pili ya kosa naishuku iko mekoni. Maziwa yapashe hadi nyuzi 85 na uyashikilie hapo dakika 20 au 30. Joto hilo hubadilisha protini za maji ya maziwa zikashikamana na zile nyingine, na yogati inabaki nzito. Ukiyapasha moto kidogo tu, maji yatajitenga hata kasha likiwa kamilifu. Poza hadi 43 ndipo utie mbegu (yogati kidogo ya awali), vijiko viwili kwa lita. Saa tano au sita zinatosha, kisha friji. Kila saa ya ziada ni ukali wa ziada.

Maziwa lala hayahitaji haya yote, kwa kuwa bakteria wake wanaridhika na joto la kawaida la nyumba. Majirani zetu Wakalenjin hutengeneza mursik (maziwa yao ya kuchachushwa) kwenye kibuyu na mkaa wa mti wa senetwet bila relei. Hata yogati yenyewe, blanketi na sufuria ya maji ya moto vingeiivisha. Lakini najua hukuunda kasha kwa ajili ya yogati.

Huku radi ni kila jioni. Nimenunua ekstensheni yenye kinga. Bado nichomoe vifaa? (Mama wa Kisii)

Chomoa, mama, na uchomoe kabla radi haijafika juu ya paa. Kinga ya ndani ya ekstensheni humeza miruko midogo ya volti na huchakaa kila inapomeza, huku taa yake ikiendelea kuwaka kana kwamba iko kazini. Kuzima swichi pia hakutoshi: radi iliyovuka anga haishindwi na nafasi ya milimita chache. Usisahau waya wa antena na kebo ya intaneti, maana televisheni nyingi hufa kupitia mlango huo.

Hamtaachana na radi hivi karibuni. Mchana upepo wa ziwa hupanda kuelekea milimani na kukutana na hewa yenye joto, ndipo mawingu ya alasiri yanapojengeka kuanzia Kisii na Kericho hadi Kakamega.

Msimu wa mvua omena zangu zinaharibika kabla ya kukauka. Nina feni tatu za kompyuta kuukuu na paneli ya sola ya wati 20. Vitafaa? (Msomaji wa Homa Bay)

Vitafaa, kwa mipaka. Soma lebo ya feni: ikisema volti 12 na ampea 0.2, hiyo ni wati 2.4, na zote tatu ni 7.2. Paneli inazimudu kukiwa na jua la wastani. Ila paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa kama 21 ikiwa haijabebeshwa mzigo, kwa hiyo pitisha kwenye moduli ya kushusha volti, uiweke 12 kwa mita kabla ya kuunganisha feni. Wingu zito likija paneli itabaki na nguvu kidogo sana. Betri ndogo itakuvusha.

Tatizo kubwa ni hewa yenyewe. Mvua ikinyesha hewa imeshiba maji, na feni inayopuliza hewa hiyo haikaushi chochote. Ipashe moto kwanza: sanduku la bati lililopakwa rangi nyeusi, hewa iingie chini, ipite juu ya bati, ipande kwenye wavu wa omena, na feni ziwe juu zikiivuta nje. Omena ziwe tabaka moja, zichovywe kwenye maji ya chumvi kwanza. Siku ya mvua ya kutwa, usizianike kabisa; zikaange.

Na usizipime kwa kidole. Samaki mbichi ni maji kwa kama robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo kilo moja ya omena mbichi iliyokauka vizuri inapaswa kubaki karibu gramu 300. Mizani ikisoma 400, zirudishe kwenye wavu.