Capablanca na Marshall, New York 1918: jinsi nilivyousoma

Mkuu, umeuliza mchezo wa kale wa mashindano ya sataranji unasomwaje mpaka ufunguzi wake, yaani hatua zake za mwanzo, ukuingie. Nakujibu kwa ule ulionifundisha mimi: Capablanca wa Cuba dhidi ya Marshall wa Marekani, New York, 1918.

Ufunguzi wake unaitwa Ruy Lopez. Hatua ya 8 Marshall, mwenye Weusi, anasukuma askari d5 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao) na kuiachia kete ya e5 iliwe. Capablanca alijua kabisa kwamba mwenzake amekuja na shambulizi alilolipika nyumbani, na bado akaila. Shambulizi la Marshall, linaloogopwa hadi leo, lilipata sifa yake katika mchezo ambao Marshall alifungwa.

Mwanzoni nilikariri hatua zote 36. Mpinzani wa kwanza aliyecheza tofauti akanimaliza. Nikaanza upya: nikaziba hatua za Weupe kwa karatasi, nakisia moja, naandika sababu, ndipo nafunua.

Hatua ya 16 ilikula jioni nzima. Farasi wa Marshall ameshakula f2. Nikaandika: malkia amle farasi. Capablanca akapeleka ngome e2. Kwa nini? Nikamlisha malkia farasi, nikaleta askofu wa Weusi g3. Haifai! Malkia anakula f7 kwa shaha, yaani anamtishia mfalme. Ngome ya Weusi ikimla, ngome ya Weupe inashuka e8 na mchezo umekwisha, kwa sababu askofu wa b3 ameifunga ngome ya f7 isiweze kurudi kumkinga mfalme wake. Lakini Weusi wakitoa kwanza shaha ya h2, mfalme akasogea f1, kisha askofu akarudi g3, mambo yanageuka: sasa malkia akila f7, ngome inamla huku ikimpa mfalme shaha, na ile e8 haipatikani tena. Shaha moja tu katikati! Nilipoiona nilisimama kitini.

Baada ya hapo mfalme wa Weupe anatembea f1, e2, d3, c2 huku farasi wa b1 hajasogezwa mpaka hatua ya 32. Ujasiri wa namna hiyo sijauona kwingine.

Upande wa ufunguzi, kaa sana na hatua ya 11. Marshall alirudisha farasi f6. Siku hizi Weusi husukuma askari c6. Panga ubao, cheza hiyo c6, halafu mlete askofu d6: utaona ngome ya Weupe iliyoko e5 inafukuzwa na farasi bado amekaa d5.