Mchicha wangu umeivuka Oktoba

Jumamosi nimeuza mchicha hapa nyumbani Ipuli hadi wateja wengine wakarudi mikono mitupu. Oktoba hii, Tabora, mvua ya kwanza haijadondoka! Mniache nijidai kidogo, maana mwaka jana nililia.

Mwaka jana nilipanda miche 200 ya nyanya kwenye matuta ya kuinuka, kama tunavyofanya masika. Kila nikiona majani yamelegea mchana nakimbilia ndoo. Maua yakaja mengi, yakapukutika. Muuza pembejeo mmoja akanipa chupa ya busta, dawa ya kuchochea mmea, hela ikaenda na maua yakaendelea kuanguka. Baadaye ndipo nikajua kwamba joto la mchana likipita nyuzi 32 hivi, na usiku nao usipoe, nyanya hushindwa kushika matunda. Hakuna chupa ya kulishusha jua. (Bado nina hasira na ile hela.)

Siku niliyokata tamaa nilipiga jembe kwenye tuta moja. Juu udongo mweusi, umelowa vizuri. Chini ya kina cha ukucha, mchanga mkavu unaochuruzika vidoleni kama sukari. Miezi miwili nimekuwa nalowesha vumbi! Mizizi ilikuwa imebaki juu juu, jua likaipika.

Mwaka huu nikageuza. Badala ya kuinua matuta, nikachimba vijaruba vya kuzama kiasi cha shubiri, mita moja kwa nne, nikachanganya samadi iliyooza. Iliyooza, jamani, mbichi inaunguza. Jirani yangu, mama mtu mzima, alipita akasimama.

"Mwanangu, hilo kaburi la nani?"

"Shikamoo mama. La mchicha."

Alicheka mpaka barabarani, na mtaa mzima ukapata habari. Iliniuma, sitasema uongo.

Basi sikilizeni. Kijaruba kimoja kinakunywa ndoo mbili za lita 20, jioni, siku moja ndiyo siku moja hapana. Mwaga chini taratibu, siyo juu ya majani. Maji mengi kwa mara chache yanashuka, na mizizi inayafuata. Nyunyizo la kila siku linadekeza mmea. Jani likilegea saa nane mchana usiingiwe na hofu, chomeka kidole kwanza. Chini kukiwa na unyevu, mwache, jioni atasimama mwenyewe. Akiamka asubuhi bado amelegea, hapo ana kiu kweli.

Kisha funika udongo. Mimi nilianza na nyasi kavu, mchwa wakafanya sherehe, nikahamia pumba za mpunga. Zisiguse shina. Miche michanga niliijengea chanja ya miti na kutandaza nyasi juu, wiki mbili tu.

Na acheni kulazimisha mambo. Chainizi kwenye joto hili inakimbilia kutoa maua. Panda mchicha, bamia, matembele, vitu vinavyolijua jua. Nyanya zina msimu wake. Tunapenda kuiga picha za mashamba ya watu wenye visima na mabomba, halafu tunasema mkono wangu hauna baraka. Mkono hauna kosa, dada. Chimba uone chini.

Jana yule jirani amekuja na bakuli kuomba mboga ya jioni. Nimempa, ila nimemwambia akachume mwenyewe, pale kaburini.