Klipu Zisipolingana Fremu

Kazi yangu ya kwanza ya uhariri niliyolipwa ilirudishwa kwa sababu ya uso wa mtu mmoja. Yalikuwa mahojiano, na katikati tuliingiza kipande cha zamani ambacho mhojiwa alikuwa amekitunza kwa miaka mingi. Alipotazama kazi iliyokamilika akaniuliza kwa upole, "Mbona hapa nimenenepa hivi?" Kipande kile kilipigwa kwa uwiano wa 4:3 (upana kwa urefu), nami nilikivuta upana hadi kikajaza fremu ya 16:9. Kila kilichomo kikatanuka kwa theluthi moja. Nilikuwa nimeshinda nacho siku nzima, macho yakazoea, nisione kasoro yoyote. Yeye aliiona papo hapo, maana uso ulikuwa wake.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, kabla hujaburuta klipu hata moja, jiulize video itatazamwa wapi, kisha weka vipimo vya mradi kwa mkono wako mwenyewe: pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080, upana kwanza, kwa kioo kilicholala, 1080 kwa 1920 kwa simu iliyosimamishwa. Usipoamua, programu itakuamulia. Baadhi ya programu huchukua vipimo vya klipu ya kwanza unayoiweka kwenye taimulaini, yaani mstari wa muda unapopangia klipu. Ikiwa klipu hiyo ilitumwa kwa simu na kubanwa njiani, mradi mzima utarithi udogo wake, na pengine utagundua ukiwa umeshakata nusu ya kazi.

Klipu isiyolingana na mradi ina njia tatu za kuingia. Unaweza kuiingiza nzima na kukubali pau nyeusi kandoni. Unaweza kuikuza hadi ijaze fremu na kukubali kupoteza kingo. Au unaweza kuivuta upande mmoja ili ilingane kwa nguvu. Hiyo ya tatu iache kabisa, hata kama tofauti ni ndogo. Pau nyeusi hazijawahi kumdhalilisha mtu. Uso uliovutwa humdhalilisha.

Kati ya mbili za kwanza, kinachoamua ni kilichomo ndani ya picha. Chukua klipu ya wima ya simu, 1080 kwa 1920, ndani ya mradi wa mlalo. Ukiiingiza nzima, itakaa katikati ikiwa na upana wa pikseli 608 hivi, chini kidogo ya theluthi ya kioo. Ukiikuza ijaze, utaikuza hadi karibu asilimia 178, na mtazamaji ataona chini ya theluthi ya urefu wake. Kama ni mtu anayezungumza karibu na kamera, theluthi hiyo yaweza kutosha: macho, mdomo, mabega kidogo. Kama ni mtu anayetembea, utakata miguu au kichwa, na hakuna ufundi utakaokuokoa. Wengi hujaza kandoni kwa nakala ya picha ileile iliyotiwa ukungu. Kwa sekunde chache haina neno, lakini ikidumu dakika nzima inachosha, kwa sababu jicho huvutwa na kinachosogea pembeni. Mimi hupendelea rangi moja tulivu, au nikiwa na klipu mbili za wima huziweka bega kwa bega. Watu wawili wanaojibizana hupendeza sana hivyo.

Safari ya kinyume, kutoka mlalo kwenda wima, ndiyo inayoombwa zaidi siku hizi, na hapa maandalizi ya upigaji hulipa. Ukikata kipande cha wima kutoka fremu ya 1920 kwa 1080, unabaki na upana wa pikseli 608 tu, kisha unaulazimisha uwe 1080. Picha inapoteza ukali, na nywele ndizo huonyesha kwanza. Lakini fremu ya 3840 kwa 2160 hukupa kipande cha wima chenye upana wa 1215, zaidi ya unachohitaji. Ukijua mapema kwamba video itatolewa kwa maumbo yote mawili, omba ipigwe kwa ukubwa huo, na mpiga picha aache nafasi kandoni mwa mhusika.

Faida hiyo ya fremu kubwa hupotea kimyakimya ukichagua amri isiyofaa. Programu ya uhariri ya Premiere Pro ina amri mbili ambazo kwa jicho hutoa matokeo yaleyale: zote huifanya klipu ya 3840 ikae ndani ya mradi wa 1920. Moja hubadilisha namba ya ukuzaji tu, ikawa 50, na pikseli zote zinabaki kukungoja. Nyingine huipunguza picha kwanza hadi ukubwa wa mradi huku namba ikiendelea kusoma 100, na ukija kusogea karibu na uso baadaye, unakuza picha iliyokwisha kudogoshwa. Angalia namba hiyo kila mara. Upande wa pili, klipu ya 1920 ndani ya mradi wa 3840 ina pikseli 2,073,600 mahali panapotaka 8,294,400. Robo tatu ya picha itabuniwa na kompyuta. Kama klipu nyingi ni ndogo, fanya mradi uwe mdogo.

Kuna mitego midogo miwili. Wa kwanza ni fremu ya 4096 kwa 2160, ambayo wengi huichanganya na ile ya 3840 kwa sababu zote huitwa 4K. Ikiingizwa nzima kwenye mradi wa 16:9 huacha vipande vyembamba vyeusi juu na chini. Ikuze kwa asilimia 7 hivi, vitatoweka. Wa pili ni kamera za zamani zinazorekodi 1440 kwa 1080 zikitumia pikseli zisizo za mraba. Programu ikizisoma kama za mraba, watu wote wanakuwa wembamba. Usiwavute kwa mkono. Fungua tafsiri ya klipu (Interpret Footage) na urekebishe uwiano wa pikseli hapo.

Wakati wa kutoa faili la mwisho, vipimo vya kutolea vifanane na vya taimulaini. Visipofanana, programu inaweza kuongeza pau zake juu ya zako, na video ikawa kisanduku kidogo kilichozungukwa na weusi pande zote nne. Tumia namba shufwa kwa upana na urefu, kwani katika H.264 ya kawaida, njia ya kubana video, rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, na namba witiri kama 607 inaweza kukataliwa, andika 608.

Kisha, kabla ya kutoa kazi nzima, mimi hutoa sekunde kumi zenye klipu ninayoihofia zaidi na kuzifungua kwenye kifaa kingine. Ninatazama pembe zote nne, halafu natafuta kitu cha duara ndani ya picha: gurudumu, saa ya ukutani, mdomo wa kikombe kilichopigwa kutoka juu. Kikiwa na umbo la yai, narudi kwenye taimulaini.