Mama mkwe ataweza ngazi za Mesa Verde?

SWALI: Tunaenda hifadhi ya Mesa Verde, Colorado, Marekani, na watoto wa miaka 6 na 9 plus mama mkwe, magoti yanamsumbua, hayo magofu ya Wapueblo, wenyeji wa asili wa huko, tutayamudu kweli?

JIBU: Mtayamudu, ila Balcony House, moja ya hayo magofu, mama apumzike tu, kuna ngazi ya mbao ya kama mita 10 alafu mnatambaa kwenye upenyo wa sentimita 45 hivi. Cliff Palace, gofu lingine, anaiona vizuri toka juu, vyumba kama 150 chini ya mwamba mmoja, vya miaka ya 1200, na kwenye udongo wa kuta zao bado kuna alama za vidole vya waliojenga, jamani mi nilinyamaza kabisa. Na waambieni watoto hao watu hawakutoweka, walihamia kusini, Wahopi na Wazuni, makabila ya wenyeji wa asili yaliyopo hadi leo, ni vizazi vyao. Tiketi kateni mapema.