Tafi wamekwenda wapi?

SWALI: Mhariri, malema yetu, mitego ya samaki ya fito, huku Matondoni siku hizi yatoa samaki tafi wadogo tu, tena haba. Watarudi?
Mvuvi, Lamu

JIBU: Wanaweza, ndugu yetu, tafi hukua upesi. Kwenye kona za nyuma za lema, acha upenyo wa wima: upana sentimita 3, urefu 30. Tafi ni mwembamba, kwa hivyo mdogo hupenya, mkubwa hubaki. Uzungushie fremu ya chuma. Fito zikilegea upenyo hupanuka, na kitoweo chote hukukimbia! Samaki aitwaye kikande akinaswa, mrudishe majini, maana ndiye alaye wale viumbe wa miiba wanaotafuna nyasi za bahari, malisho ya tafi. Ila juya, ule wavu wa kukokota, likizidi kuburutwa juu ya nyasi hizo, upenyo pekee hautafaa kitu.